Anayeonja Kwanza

Msichana anayeposwa hukaa chumbani, macho chini, mpaka aitwe. Hiyo ndiyo desturi, na Emérence aliijua tangu utotoni. Lakini Jumamosi ile, wageni wakishuka kwenye minibasi hapo Bagira na bidoni zao za kasiksi, ile pombe ya ndizi, yeye alikuwa nyuma ya jiko kati ya migomba, viatu vyake vyeupe vikizama kwenye tope, akimsubiri mwanaume ambaye hakutakiwa amwone kabla ya baba yake. Kikwembe alikuwa amekifunga vizuri, hapo hakuna wa kumlaumu. Hayo mengine, jamani, mapenzi hayajui kukaa chumbani.

Déogratias alikuja akiinama chini ya majani ya mgomba, suti ya kuazima ikimbana mabegani. Emérence aliitazama mikono yake kabla ya uso. Mazoea hayo yalimwingia enzi mbaya, wakati mikono ile ilikuwa ikitetemeka hata kikombe cha chai kinamwagika. Leo ilikuwa imetulia. Moyo wake ukamruka kwa furaha, na papo hapo ukajaa hofu.

"Umependeza sana mpaka naogopa kukugusa," Déo alisema.

"Usiniguse, Maman atatuona. Déo, kuko kitu sikukuambia."

"Sema."

"Papa anajua ulikuwa Kamanyola."

"Kamanyola? Nafanya nini?"

"Unanunua muchele."

Déo aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kiganja. "Miye? Muchele? Sijui hata kama inaota juu ya udongo ao chini yake!"

"Haiko ya kucheka!" Emérence alimpiga begani, kisha mkono ukasahau kuondoka pale. "Wakati ulikuwa kule kituo, Papa alikuwa ananiuliza kila siku: ule kijana wako iko wapi, juu ya nini hakuji kujionyesha? Ningejibu nini?"

"Ungejibu iko ku matibabu."

"Kwa papa yangu? Weye unamujua papa yangu?"

Kicheko kilimwisha Déo. Alimtazama kwa macho yale ambayo Emérence aliyapenda tangu siku ya kwanza, macho ya mtu asiyejua kuficha anachohisi. Sasa yalikuwa yameumia.

"Emé. Unaona haya juu yangu?"

"Hapana," alijibu upesi. Upesi mno, na wote wawili walisikia.

"Unakumbuka siku tulienda kule?"

Angesahau vipi? Déo alikuwa dereva wa pikipiki, akipakia bidhaa za wachuuzi kwenda Kamituga kwa njia ile ambayo mvua ikinyesha hata mbuzi hukataa kupita. Alianguka kwenye mteremko, mgongo ukaumia, na mwenzake akampa kidonge cha tramadol. Maumivu yakaisha. Kesho yake akameza kingine ili asichoke, kisha kingine ili asisinzie, na mwishowe akawa anameza ili tu awe mtu. Aliuza simu, akauza pikipiki, akaanza kusema uongo hata pasipo sababu. Halafu asubuhi moja alikuja kwa Emérence amekonda, midomo imekauka, akasema: nisindikize, peke yangu nitarudia njiani. Walipanda pamoja mpaka kituo cha afya ya akili, juu kabisa ya kilima. Muuguzi akafungua lango na kuuliza mgonjwa ni nani. Déo hakusukumwa wala hakuvutwa. Alisogea mbele akajibu, "Ni miye."

"Siku ile uliniambia nini?" Déo aliuliza sasa, pale kati ya migomba.

"Nilikuambia minajivunia weye."

"Njo ile neno ilinibeba. Siku za kwanza pale, mifupa inauma, jasho inatoka, nataka kuruka ukuta nikimbie, nilikuwa najiambia: kuko mutu mumoja anajivunia miye. Sasa leo unaniambia nijifiche mu gunia ya muchele?"

Emérence alihisi machozi yakimpanda. Alikuwa na hasira naye kwa kusema kweli, na alimpenda kwa hiyo hiyo kweli. "Leo tu, Déo. Tonton Philémon ataonja kasiksi, bazee watakunywa, maneno inaisha. Papa akijua, ataivunja leo hii, na miye sitakuwa na fasi ya kukufuata. Nakuomba."

Déo aliutazama mkono wa Emérence. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akamfuta tope lililomrukia kwenye kiwiko.

"Asiponiuliza, nitanyamaza juu yako. Akiniuliza, sitamudanganya."

"Emérence!" Sauti ya mama yake, Maman Colette, ilipasua ukuta wa jiko. "Uko wapi, weye mutoto? Unataka niolewe miye?"

*

Sasa tumjue Papa Zagabe, maana furaha yote ya Emérence ilikuwa mikononi mwake. Alikuwa direkta wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na hata sasa alikaa kwenye kiti chake kana kwamba ukumbi mzima ulikuwa umechelewa masomo. Mtu safi, mwenye sala, mwenye jina. Na jina lenyewe lilikuwa na hadithi yake.

Miaka mingi Bagira yote ilimwita Papa Lucien, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, kama ilivyo heshima kwetu. Lucien alikuwa kijana wa kucheka na kila mtu. Akaanza vidonge, akaanza bangi, akaanza kuiba sufuria za mama yake. Papa Zagabe alimpeleka kwenye chumba cha maombi, akamrudisha, akamfungia ndani, akampiga, na siku mlango ulipofunguliwa akamfukuza. Juma lile lile alitangaza mezani: kuanzia leo mimi ni Papa Emérence. Nyumba ikatii. Mtu akiuliza, Lucien yuko Kamituga, anafanya kazi. Lakini waliotoka Kamituga walinong'ona kwamba walimwona amelala juu ya meza za soko, miguu pekupeku.

Basi Emérence uongo wa Kamanyola hakuutunga kutoka hewani. Aliurithi. Katika nyumba ile aliyeanguka husemwa amesafiri.

Ukumbi ulijaa. Upande huu wazee wa Zagabe, upande ule wageni na Tonton Philémon, mjomba aliyemlea Déo na ndiye msemaji wao, mzee mwenye tumbo la heri na maneno matamu. Alisifu nyumba, akasifu kilima, akasifu mpaka kuku aliyepita mlangoni. Watu wakacheka. Emérence aliitwa, akaingia, akakaa kwenye mkeka karibu na mama yake, na kwa kona ya jicho akamwona Déo akimtazama. Alisahau hofu kidogo. Laiti wangemaliza haraka!

"Kijana," Papa Zagabe alisema ghafla, akivua miwani. "Banasema ulikuwa Kamanyola. Muchele ya mwaka huu iko namna gani?"

Tonton Philémon alikohoa kikohozi kirefu, kikohozi cha mtu anayetafuta njia ya kutokea. "Papa Emérence, tusizungumuze muchele mbele ya kasiksi, itasikia wivu! Hii imetoka Kabare, bibi ya kijana mwenyewe njo aliikamua. Tuiteremushe."

Wazee wakacheka, bidoni ikafunguliwa, kibuyu kikajazwa, mrija ukachomekwa. Emérence alishusha pumzi. Kidogo tu ilibaki. Kwa Washi, kabila lao, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya anayempa, ili wote waone haina sumu, ile ambayo Bukavu huiita karuho na kuiogopa kuliko radi. Philémon alikwisha nyoosha mikono yote miwili kukipokea kibuyu.

"Hapana," Papa Zagabe alisema. "Kwangu anaonja mwenye kuoa. Baba yangu alionja, na miye nilionja kwa bazazi ya Colette. Mupatie kijana."

Kibuyu kikapita kutoka mkono hadi mkono, kikamfikia Déo.

Emérence alimwona akikishika. Aliuona mrija ukielekea midomo yake, na akakumbuka Madame Francine, mwanasaikolojia wa kituo, mwanamke mpole asiyejua kuzungusha maneno. Siku ya kumruhusu Déo aliwaita wote wawili akawaambia: "Pombe na vidonge ni nyumba moja, milango miwili. Ukiingia kwa ule mwingine, utajikuta mu chumba kile kile." Naye Emérence alikuwa ameitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu.

Na sasa, Mungu amsamehe, moyo wake ulikuwa ukisema: kunywa, Déo. Kidogo tu. Gusa tu mdomo, nani atajua?

Macho yao yalikutana juu ya kibuyu. Déo aliyasoma yote. Kisha akakiweka chini kwenye mkeka, taratibu, kwa mikono ambayo haikutetemeka.

"Papa, munisamehe. Sitaonja."

Vichwa vikageuka. Halafu minong'ono ikaanza upande wa wazee, na neno karuho likapita kutoka sikio hadi sikio.

"Kijana anaogopa pombe yake mwenyewe?" mzee mmoja aliuliza kwa sauti.

"Pengine iko na gastrite!" Maman Colette alidakia. "Mukwe wangu, si uko na gastrite? Leo kila mutu iko nayo!"

Déo alitabasamu. "Hapana, Maman. Tumbo yangu iko muzuri." Akasimama, akafunga kifungo cha ile suti ya kuazima, akamgeukia Papa Zagabe. "Papa, kasiksi haina kitu. Ni miye siruhusiwi kunywa. Na Kamanyola sikuenda. Nilikuwa ku kituo, kwa matibabu ya vidonge. Nilimeza tramadol mpaka ikanimeza. Nilipoona nakufa, nilienda kupiga hodi kwa baganga ba kituo. Banitunza, banifundisha, na kila Alhamisi ningali narudi kuzungumuza nabo. Sijapona kama mutu wa malaria anapona. Lakini leo niko muzima, na kesho nitafanya vile vile. Njo huyu mwanaume anakuomba mutoto yako. Hakuna mwingine."

"Mawe weee!" mtu alisema nyuma.

Papa Zagabe hakumtazama Déo. Alimtazama binti yake. "Emérence. Ulijua?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili, na hakuna aliyeweza kumchagulia. Angeinamisha kichwa aseme hapana, nami pia nilidanganywa, na baba angemlinda. Déo angepanda minibasi na kasiksi yake, naye angebaki msichana mwenye sifa nzuri. Alimtazama Déo akiwa amesimama peke yake katikati ya ukumbi, jasho kwenye paji la uso, kidevu juu. Mwanaume aliyesema ni miye langoni, na sasa amesema ni miye hapa, mahali pagumu kuliko lango lolote. Aibu ikamtoka yote. Kilichobaki kilimjaa kifuani mpaka akashindwa kukaa.

Alisimama, akaenda mpaka kwenye kibuyu, akakiinua. Shangazi mmoja akapiga kelele, kwani ni wapi umeona msichana anaonja pombe ya posa yake? Emérence aliuvuta mrija, akanywa mbele ya macho yote, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Karuho haiko," alisema. "Kama iko, imeanzia kwangu. Nilijua, Papa. Miye njo nilitengeneza ile Kamanyola, yeye hakujua. Nilimusindikiza ku kituo, halafu nikamufichia, na leo njo naona haya. Si juu yake, juu yangu! Mwanaume huyu minajivunia yeye. Mbele yenu bote, minajivunia yeye."

"Kaa chini!"

"Sikai, Papa."

Papa Zagabe alisimama naye. "Unajivunia nini? Batu ya vidonge haiponi! Leo anakuonyesha suti, kesho anauza sufuria yako. Haiponi, minakuambia! Miye nimeona kwa macho yangu!"

"Umeona wapi, Papa?" Déo aliuliza kwa upole.

Alikuwa anauliza kwa kutojua, maskini. Wazee wakatazama mkeka. Tonton Philémon akatazama dari. Nje, kipaza sauti cha duka la jirani kilikuwa kikitangaza sabuni.

"Mujibu mutoto," Maman Colette alisema.

Alikuwa bado amekaa mkekani, mikono imelala mapajani. Mwanamke yule ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kudakia na kupaza, sasa alisema polepole.

"Mujibu ulionea wapi, Papa Lucien."

Papa Zagabe aligeuka kama aliyeitwa na mtu aliyekufa. Jina hilo halikuwa limesemwa ndani ya nyumba ile tangu siku alipolifuta. Akakaa. Miwani ikamponyoka mkononi, akaacha iwe chini.

"Tulimupeleka ku maombi," Maman Colette alimwambia Déo. "Tukamufunga, tukamupiga. Ku baganga hatukumupeleka, juu tuliogopa batu watasema. Batu walisema vile vile." Na machozi yakaanza kumtiririka, asiyafute.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Nyumba ile ilikuwa imezaa, halafu ikaficha.

Muda ukapita. Papa Zagabe aliokota miwani yake, akaifuta na ncha ya koti, akaifuta tena, akaivaa. Alipozungumza, direkta wa shule hakuwamo tena katika sauti ile.

"Ile kituo yenu. Banapokea mutu hata kama amekaa mu ile maneno miaka mingi?"

"Banamupokea, Papa."

"Hata kama bazazi yake bamemufukuza?"

"Hata bazazi banabapokea," Déo alisema. Aliacha kusimama kama mshtakiwa, akaja kuchuchumaa karibu na kiti cha mzee. "Madame Francine anazungumuza na bazazi pia. Lakini sitakudanganya. Siwezi kumukokota. Lazima yeye mwenyewe aseme nataka. Kazi yetu ni kumwendea na kumwambia mulango uko wapi, na kurudia kumwambia."

"Utanipeleka Kamituga?"

Emérence alishika kifua. Kamituga! Kule ambako vidonge vinauzwa kama karanga! Alitaka kupaza sauti akatae, lakini Déo alikuwa tayari anajibu, akipima kila neno.

"Peke yangu siendi, Papa. Kule ningali naogopa, na siogopi kusema vile. Alhamisi nitamwambia Madame Francine kwanza. Akikubali, tutaenda miye na weye, tutalala fasi moja, tutarudi pamoja. Akikatala, nitakuonyesha namna ya kuzungumuza naye, na utaenda na Tonton Philémon."

Papa Zagabe alimtazama kijana yule kwa muda mrefu. Emérence, ambaye alimjua baba yake, aliona uso wake ukilegea kidogo kidogo. Mwanaume anayejua mpaka wa nguvu zake na kuusema hadharani hakuwa amewahi kuketi katika ukumbi ule, si leo, si zamani.

Mzee alinyoosha mkono. "Colette. Kibuyu."

Maman Colette alikipokea kutoka kwa binti yake, akapiga goti, akampa mumewe kwa mikono miwili. Papa Zagabe aliushika mrija. Katika ukoo wake baba akinywa amekubali, na kila mtu pale alijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyepumua. Alikunywa. Alikunywa kirefu, macho yamefumba, na machozi yakapita chini ya miwani mpaka kwenye kibuyu.

Vigelegele vililipuka. Shangazi yule yule aliyepiga kelele ndiye aliyeanza. Déo alibaki amechuchumaa, ameduwaa, mpaka Emérence alipopita mbele ya wazee wote, desturi au bila desturi, akaweka mkono wake juu ya bega lake na kuuacha pale. Mkono haukutafuta pa kujificha. Aliinua kichwa akatazama ukumbi mzima, na laiti ungemwona siku ile, ungedhani amevishwa taji.

"Mumutafutie mukwe mutobe," Papa Zagabe aliamuru, na ile juisi tamu ya ndizi isiyochachushwa ikaanza kutafutwa jikoni kwa mbio.

Tonton Philémon, ambaye maneno yalikuwa yamempotea kwa mara ya kwanza maishani, aliyapata tena. Alisimama, akanyoosha koti juu ya tumbo lake la heri. "Papa Emérence," alianza, "kwa niaba ya familia yetu yote..."

"Hapana," mzee alimkatiza. Aliweka kibuyu chini, akaketi wima. "Anza tena. Miye ni Papa Lucien."